Mapigo ya Kitanda cha Tisa

Moyo wa mdogo wake ulikuwa unapiga vizuri mno.

Shangazi aliitazama skrini kubwa kwenye meza ya manesi, akaitazama tena. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini na tatu. Mstari wa kijani ulipanda na kushuka bila haraka, moyo wa mtu aliyeshiba akajilaza.

Akageuka kuangalia kioo cha chumba namba tisa.

Mdogo wake alikuwa anakohoa. Mabega yalinyanyuka kutoka kwenye mto, mkono mmoja ulikuwa unapapasa hewa, miguu inasukuma shuka.

Skrini: sabini na mbili.

Shangazi alikimbia.

Alisukuma mlango kwa bega. Mashine ndogo ya kupima mapigo, kando ya kitanda, ilikuwa imegeuziwa ukutani, sauti imezimwa. Katika wodi ile sauti huzimwa zote ili wagonjwa walale. Manesi hutegemea skrini yao ya mezani. Shangazi aliigeuza.

Thelathini na nane. Thelathini na sita.

Mfuko wa dripu uliokuwa unaning'inia juu ya kitanda ulikuwa mpya, umejaa. Hakuuliza nani aliuweka. Alikunja mrija, akaubana kwa kidole gumba, akauchomoa mkononi mwa mdogo wake. Damu ikamrukia kwenye mkono wa koti.

"Sista! Daktari, haraka!"

Walikuja wote wawili, na kwa muda hapakuwa na kazi ya kijasusi pale, palikuwa na kazi ya hospitali tu. Shangazi alisimama pembeni, roho juu, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika bastola yake ya Glock ndani ya koti. Haikuwa na faida yoyote. Huwezi kuupiga risasi mfuko wa dripu.

Kazini walimwita Shangazi kwa namna yake ya kuhoji watu. Kwanza anakupa chai. Kisha anakuuliza swali moja taratibu, kama shangazi aliyekwisha kuambiwa kila kitu na mama yako. Majambazi wazito walikuwa wametoboa siri zote mbele yake wakilia. Lakini aliyelala kitandani alikuwa anamwita dada. Alikuwa dereva wa lori, tena dereva mzuri, mpaka alipoanza kubeba makasha yaliyoandikwa vipuri huku ndani mna baruti ya kulipulia. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemkalisha chini akamwambia: sema yote, nitakulinda. Akakubali. Kesho yake akapigwa risasi ya kifua, kabla hajataja hata ghala moja.

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba tangu siku ile. Kama angekufa, angekuwa ameuawa na ahadi ya dada yake.

Simu ilitetema.

"Sema," Shangazi alisema.

"Yuko hai?" Ilikuwa sauti ya Mkuu, mtu ambaye hajawahi kuanza mazungumzo kwa salamu.

"Kwa sasa. Wamemtilia kitu kwenye dripu."

"Nani?"

"Sijui bado."

"Sikiliza. Tumenasa maneno yao asubuhi. Mzigo umeshapakiwa. Malori matatu, injini zimewashwa, hatujui ghala gani. Wanasubiri neno moja tu kutoka hapo ulipo."

"Neno gani?"

"Kwamba dereva amenyamaza. Wakijua amekufa, malori yanatoka. Wakijua ameamka, wanachoma ghala na wanapotea, na mwakani tunaanza upya. Na kabla ya hapo tutakuwa tumeokota viungo vya watu sokoni, baruti ikishalipuka."

"Nimeelewa."

"Fanya."

Simu ikakatika.

Sista, nesi mkuu wa wodi, alikuwa ametoka mlangoni kwenda kutazama skrini yake. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

"Dada, pale mezani mgonjwa wako ni mzima kabisa. Hapa yuko thelathini na kitu. Nimemwita Fundi."

Fundi wa kompyuta wa hospitali alifika akihema, laptopu kwapani, begi la zana begani. Kila kilichokuwa na waya katika jengo lile kilikuwa chini yake, kuanzia kompyuta za mapokezi mpaka mashine za vitandani. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kuomba radhi hata kabla hajakosa. Alichomeka waya, akaandika maneno mawili matatu, halafu akaacha kuandika.

"Kuna vitanda vya tisa viwili," alisema.

"Nieleze kama unamweleza mama yangu," Shangazi alisema. "Na fanya haraka."

Fundi alionyesha skrini ya laptopu. "Kuna seva inayogawa anwani. Inaitwa DHCP. Mashine yoyote ukiichomeka kwenye waya wetu, inapiga hodi, inataja jina lake, inapewa anwani. Sawa? Halafu kuna seva nyingine, DNS, hiyo inashika majina. Skrini ya Sista haijui anwani. Inauliza tu: kitanda cha tisa kiko wapi? DNS inajibu."

"Endelea."

"Zamani yale majina nilikuwa naandika kwa mkono. Sasa hawa wanahamisha mashine kutoka chumba hiki kwenda kile kama viti vya sherehe, mimi siambiwi. Skrini inaonyesha moyo wa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo nikaziunganisha zile seva mbili. Nikazipa ufunguo wao wa siri. Sasa DHCP ikigawa anwani, palepale inaiambia DNS: badilisha, kitanda cha tisa sasa kiko hapa. Inajiandika yenyewe."

"Na mtu akija na laptopu yake, akapiga hodi, akasema yeye ni kitanda cha tisa?"

Masikio ya Fundi yalikuwa yamebadilika rangi.

"Kulikuwa na kinga," alisema. "Kama jina lina mwenyewe, seva inakataa kumpa mwingine. Lakini mashine za hapa zinaharibika kila mara. Ukileta mbadala wenye jina lilelile, seva inaukataa, inadhani ni mwizi. Sista ananipigia simu nikiwa chooni. Nikauliza kwenye kikundi chetu cha mafundi mtandaoni. Swali lilikaa miezi, hakuna aliyejibu. Juzi mtu mmoja akajibu. Mkarimu sana. Akaniambia, zima hiyo kinga, itaacha kukusumbua. Akanipa na pole ya kazi."

"Juzi."

"Juzi."

"Mdogo wangu aliletwa hapa siku moja kabla ya juzi."

Fundi alikaa chini kwenye kiti cha mgeni bila kukaribishwa. Yapo makosa ambayo ukimkaripia mtu unamwongezea tu, na hili lilikuwa mojawapo.

"Anachoonyesha huyo mtu pale mezani ni nini?" Shangazi aliuliza.

"Mapigo ya jana, nadhani. Ameyarekodi, anayarudia."

"Na mashine ya kweli, hii hapa? Anaiona?"

"Jina tu ndilo ameliiba. Anwani ya mashine hii bado inafanya kazi, na anaijua. Anaona kila kitu." Fundi alinyanyua macho. "Anamtazama akifa."

Daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano. "Nampa sasa. Moyo utapanda."

"Subiri."

"Sisubiri. Huyu si ushahidi, ni mgonjwa wangu."

"Fundi," Shangazi alisema, macho yake yakiwa kwenye sindano. "Hizi mashine unazijaribuje zikiwa hazina mtu?"

Fundi alielewa kabla hajamaliza. Alifungua begi la zana, akatoa kiboksi cha kijivu chenye vitufe. Mafundi hukitumia kuijaribu mashine, kinajifanya moyo. Unakiambia kipige haraka, kipige ovyo, au kisipige kabisa.

"Hamisha waya mmoja mmoja," Shangazi alisema. "Anza kwa mapigo ya chini, kisha yashushe mpaka yalale."

"Nikitoa waya kifuani, mimi nitaujuaje moyo wake?" Daktari aliuliza.

"Kwa vidole."

Daktari alimtazama kwa chuki ya kweli. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, na kwa mkono wa pili akasukuma dawa. Sista alivuta pazia la kioo. Fundi alihamisha waya. Mstari ukayumba, ukatulia tena.

Thelathini na mbili. Ishirini na tano. Kumi na nne.

Kisha ukalala.

Ndani ya kile chumba, mtu pekee aliyejua kama dereva yuko hai alikuwa Daktari, na alikuwa amefumba macho, anasikiliza kwa vidole.

"Yupo," alinong'ona. "Mapigo madogo mno. Yupo."

"Huyo mtu yuko wapi?" Shangazi alimwuliza Fundi.

Fundi aliinamia laptopu. "Seva inakumbuka kadi ya mtandao ya kila mashine iliyoomba anwani. Ya kwake hii hapa. Imepitia swichi ya chini, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, tundu la mwisho." Alikuna kidevu. "Eksirei ya zamani. Chumba kimefungwa tangu tununue mashine mpya."

Asubuhi ile mtu mmoja mwenye ovaroli ya bluu na sanduku la zana alikuwa amepita wodini, akasema amekuja kupima mashine za vitandani, akaingia hadi chumba namba tisa. Askari wa mlangoni alikiangalia kitambulisho chake, kilikuwa safi. Shangazi mwenyewe alimsalimia.

Hilo lilimkera kuliko yote.

Aliipigia ofisi. "Mkuu. Mtu wao yuko jengoni, ghorofa ya chini. Ameona mstari umelala. Atapiga simu sasa hivi. Mfuateni anayempigia, mtalipata ghala."

"Na akitaka kuhakikisha kwa macho?"

Shangazi alikuwa tayari ameliwazia hilo. Mtu anayejificha nyuma ya jina la bandia haiamini skrini, kwa sababu anajua skrini inavyodanganywa. Angepanda. Angetaka kuona kitu ambacho hakina waya.

"Atahakikisha," alisema.

Nje, kwenye kiti cha mwisho cha korido, alikuwa amekaa mama yao. Mkoba wa kahawia mapajani, viatu vyake vya kutokea, chupa ya chai miguuni ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Alikuwa hapo kila siku tangu mwanawe alipoletwa, akipewa pole na kila mtu anayepita.

Sista alifuata macho ya Shangazi mpaka kwenye kiti kile.

"Usifanye hivyo, dada. Mwambie ukweli, mwambie alie tu."

"Mama hajui kuigiza. Akipewa zawadi asiyoipenda, mtaa mzima unajua."

"Ni mama yako."

"Najua ni nani."

Alitoka. Korido ilinuka dawa ya kufanyia usafi. Alitembea mpaka kwa mama yake, akachuchumaa mbele yake. Mama aliiona damu kwenye koti lake na mkono ukaenda mdomoni.

"Mama," Shangazi alisema. "Mdogo wangu hatunaye tena."

Tulivu kabisa. Ndivyo alivyofundishwa kuyasema maneno ya namna hiyo.

Kwanza Mama alisema hapana, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chakula. Halafu akateleza kutoka kwenye kiti. Chupa ya chai ikaanguka ikapasuka ndani. Na kilio kikaja, kilio kile ambacho ukikisikia popote duniani huulizi kuna nini, na watu wakatoka kwenye vyumba vingine na kusimama milangoni wameshika tama.

Shangazi alimkumbatia. Juu ya bega la mama yake alikuwa anatazama mlango wa ngazi.

Mlango ulifunguka.

Ovaroli ya bluu. Sanduku la zana. Uso wa mtu yeyote. Alipita taratibu kando ya ukuta kama fundi mwenye aibu ya kupita kwenye msiba wa wenyewe. Alilitazama pazia lililovutwa. Alimtazama mwanamke mtu mzima aliyekaa sakafuni, kitenge kimemlegea, anamwita mwanawe kwa jina alilompa utotoni.

Akavua kofia. "Poleni sana," alisema.

"Ahsante," Shangazi alijibu.

Akapita, akashuka kwa ngazi za upande wa pili.

Simu ilitetema ndani ya koti. Ujumbe wa Mkuu: AMEPIGA. MZIGO UTOKE, AMESEMA. TUNAMFUATA ALIYEPOKEA.

Shangazi aliandika kwa kidole kimoja, mgongoni mwa mama yake: MUDA GANI?

MPAKA TUSEME.

Basi akakaa sakafuni. Malori yangetoka, lazima yakamatwe yote pamoja na wenye mzigo, na mpaka hapo yule mtu alitakiwa aendelee kuamini. Mama yake alimshika mkono, akaubana kifuani kwake, akaanza kuuliza maswali ambayo hayana jibu. Aliumia? Aliniulizia? Kwa nini hukuniita nimwone? Ulisema utamlinda. Ulikuja nyumbani ukaniapia, ukala na chakula changu.

"Nisamehe, mama."

"Watoto wake nitawaambia nini?"

Hapo Shangazi alitaka kusema. Neno lilimfika kwenye meno. Angeweza kumnong'oneza sikioni, yuko hai, nyamaza, lia tu. Lakini ngazi zilikuwa na mwangwi, na mtu wa ovaroli alikuwa anaweza kurudi wakati wowote. Akaling'ata neno lake. Mama aliendelea kuubana mkono ule. Ulianza kufa ganzi, na hakuuondoa.

Pazia lilisogea kidogo. Daktari alikuwa anachungulia kwa nafasi ya jicho moja. Alitikisa kichwa juu na chini. Yupo. Anaimarika. Shangazi alitazama pembeni, asije akaonekana ana furaha.

Ile subira ilikuwa ndefu. Sitasema zaidi ya hapo. Anayeweza kuhesabu dakika akiwa mahali pale ana moyo wa kiboksi cha Fundi.

Kisha simu.

"Sema."

"Yote matatu," Mkuu alisema. "Na watu sita, na yule mkubwa wao alikuwa ndani ya Land Cruiser nyuma ya msafara, amevaa kandambili. Maliza huko."

Shangazi aliuondoa mkono wake kwa mama yake. "Sista, kaa na mama."

Alishuka ngazi mbilimbili, Glock mkononi sasa, kifaa cha sikioni kimeunganishwa na simu ya Fundi.

"Fundi."

"Nipo."

"Rudisha kinga yako. Mfukuze kwenye jina."

"Narudisha." Vidole vilisikika vikigonga vitufe. "Jina nimelifuta kwake, nimelirudisha kwa mashine ya kitanda. Laptopu yake inapiga hodi tena. Inasema, mimi ni kitanda cha tisa." Kitufe kimoja kikagongwa. "Seva imemkataa."

"Tena?"

"Imemkataa tena. Sasa anajua."

Mlango wa eksirei ya zamani ulifunguka kwa nguvu. Mtu wa ovaroli alitoka amekumbatia laptopu, mkono wa pili una bastola ndogo yenye kiziba sauti. Alifyatua kwanza. Risasi iligonga ukuta, plasta ikamwagika kwenye nywele za Shangazi.

Shangazi alifyatua moja.

Goti.

Mtu akaanguka, laptopu ikaserereka sakafuni mpaka kwenye viatu vya Shangazi. Aliisukuma bastola mbali kwa mguu, akamgeuza, akamfunga pingu. Mtu yule alikuwa anahema huku ameuma meno, na bado alikuwa na la kusema.

"Yule mama," alisema. "Yule alikuwa analia kweli."

"Ndiyo."

"Ni mama yake?"

"Mama yangu."

Mtu wa ovaroli alimtazama kwa muda. Alikuwa ameua watu kadhaa kwa mshahara. Akageuza uso wake ukutani.

Askari walimbeba. Juu, Sista alikuwa amefungua pazia, na Fundi alikuwa anaurudisha waya wa mwisho kwenye kifua cha mgonjwa, polepole, akinong'ona samahani kwa mtu asiyemsikia. Kwenye skrini ya mezani namba ilikuwa mbaya na ya kweli: hamsini na nne, hamsini na moja, hamsini na sita. Daktari alikuwa amekaa sakafuni anajikanda vidole.

Shangazi alimnyanyua mama yake na kumpeleka mpaka kwenye kioo.

"Tazama, mama."

Mama alitazama. Kifua kilipanda, kikashuka. Kilipanda tena. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakaa hivyo mpaka kioo kikafanya ukungu. Alilia tena, taratibu. Baadaye akaelewa.

"Ulinishika mkono," alisema bila kugeuka.

"Nilikushika."

"Ukijua."

"Nikijua."

Mama alirudi kwenye kiti chake cha mwisho cha korido. Kando yake palikuwa na kiti kitupu, na Shangazi alisogea ili akae. Mama aliuokota ule mkoba wa kahawia kutoka sakafuni, akauweka juu ya kiti hicho, akakunja mikono yake akaendelea kukitazama kioo.

Shangazi alisimama pale kidogo. Aliokota chupa ya chai iliyopasuka, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Simu yake ilikuwa inatetema. Mkuu alikuwa na kazi nyingine, kama kawaida yake. Alifunga zipu ya koti mpaka juu, akaificha damu, akashuka ngazi na kutoka nje kwenye jua la saa kumi.